Ugonjwa Usio na Cheti

Binti wa dada yangu alinipa daftari lake la Jiografia akaniambia, “Mjomba, anzia nyuma.” Tulikuwa jikoni kwao Makambako, Agosti 2021, baridi ile ya kukaa na koti ndani ya nyumba. Nikaligeuza. Kurasa za nyuma alikuwa amezipiga mistari kwa rula akapata safu tatu: siku, alichofanya mama, kilichofuata.

Jumatatu: amefua sare zetu. Jumanne: hajaamka. Jumatano: hajaamka, akikaa moyo unamwenda mbio. Alhamisi: ameoga mwenyewe. Ijumaa: nzuri. Jumamosi: ameenda sokoni, amekaa masaa mawili. Jumapili, Jumatatu, Jumanne: kitandani.

Nilisoma kurasa saba. Nilipofika mwisho nilikuwa nimemwamini dada yangu. Na hapo ndipo shida yangu ilipoanza, kwa sababu hakuna kitu mle ndani ambacho dada hakuwa ameshaniambia kwa mdomo wake tangu Aprili. Alisema hivyo hivyo: nikifanya kazi leo, nalipa kesho na keshokutwa. Nilimsikia nikamwambia ajitahidi. Mtoto wa kidato cha pili alipochora safu tatu, nikaamini.

Kwa nini nilihitaji daftari? Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa na swali lolote la kazini, na naandika hapa nikijua silijibu kwa niaba yangu peke yangu.

Dada yangu ni mfanyabiashara wa viazi. Kwa asiyeijua Makambako: ni pale barabara ya Songea, ikitokea Njombe, inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Mazao mengi ya huku husimama Makambako kidogo kabla ya kushuka mjini: viazi, mahindi, mbao, maparachichi. Dada aliishi kwenye kusimama huko. Saa kumi za usiku yuko juu ya Fuso na tochi, anakagua magunia, anagombana na madalali, anacheka. Mimi niliyesoma chuo nikaishia kukimbizana na habari za mkoa, nilikuwa namkopa yeye.

Februari 2021 alipata homa. Kikohozi kikafuata, na siku ya nne alinipigia akilalamika kwamba kitunguu hakinuki. Tulijua ni nini na hatukukitaja. Msimu ule hatukuwa na ugonjwa wenye jina. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020. Mwanzoni mwa Mei takwimu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na zikabaki hapo mwaka mzima. Juni tukaambiwa umeisha. Kwa hiyo watu walipoanza tena kuzikana mwanzoni mwa 2021, tuliita nimonia, tukaita changamoto ya upumuaji. Nami niliandika hivyo, kwa mkono wangu, kwenye habari zaidi ya moja. Dada akafanya tulichofanya sote: nyungu ya majani ya mikaratusi, tangawizi, malimao, blanketi kichwani. Hakupimwa. Wiki ya tatu homa ilikwisha, tukamshukuru Mungu, akarudi sokoni.

Siku ya pili sokoni alianguka kwenye ngazi ya lori. Si kwamba aliteleza. Miguu ilikataa tu.

Tangu hapo tukaingia kwenye safari ambayo ukimwuliza mtu yeyote anayeuguza atakusimulia kituo kwa kituo. Malaria, hamna. Taifodi, hamna. Sukari, sawa. Presha, sawa. Picha ya kifua, safi. Na kwa kuwa huku ni Njombe, kipimo kile kingine alikipima mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza na ya pili majirani hawakuridhika. Hana. Kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, kilimwandikia dawa za vidonda vya tumbo ili asitoke mikono mitupu. Kingine kilimwambia, kwa upole kabisa, “Mama, wewe ni mzima.”

Akatoka pale akaniambia neno ambalo sikulielewa wakati huo: “Mdogo wangu, natamani wangekiona hata kimoja.”

Mtu anatamani akutwe na ugonjwa. Nilidhani ni kuchanganyikiwa. Kumbe dada alikuwa ameshapiga hesabu. Mwenye ugonjwa ana cheti, na cheti kinamruhusu kulala mchana. Asiye na cheti anabaki na jina moja tu, mvivu.

Kiswahili kina maneno mawili hapa, uchovu na uvivu, na ukiyatazama kwa nje yana sura moja: mtu amelala, vyombo havijaoshwa. Anayejua lipi ni lipi ni aliyelala. Wazee walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi wa pembeni tunachagua neno, na uchaguzi wetu ni hukumu. Mimi nilichagua vibaya, na nilichagua kwa simu.

Juni ile tulikuwa na msiba wa ndugu Njombe mjini. Dada aliomba asije. Alisema atatuma mchango. Nikampigia: “Dada, watu watasema nini? Ukiuendekeza mwili nao unakuzoea.” Akaja. Alimenya viazi na ndizi za watu mia mbili kwa siku mbili, akicheka na wenzake, na mimi nikiwa nimesimama na wanaume kwenye moto nilimnyoshea kidole moyoni: unaona, si anaweza? Alirudi Makambako kwa kosta usiku. Daftari linasema alilala siku kumi na moja.

Nimesema “unaona, si anaweza?” Nadhani kosa lote limekaa kwenye sentensi hiyo. Nilichukua nilichokiona kwa saa kadhaa nikakifanya kipimo cha nisichokiona kwa siku kumi na moja.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana neno lenyewe linatuchezea. Kwetu kipimo ni cha hospitali na kipimo ni cha sokoni. Na mtu wa Njombe hahitaji profesa amwambie kwamba kipimo kinaweza kusema kweli na bado kikadanganya, anaijua lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kofia ya viazi juu na kushonwa kwa kamba. Sheria inakataza, lakini shambani mnunuzi anapohesabu anaandika “gunia 1”. Hajasema uongo. Ni gunia moja kweli. Uzito uko kwenye mgongo wa aliyelibeba, na daftari la mnunuzi halina safu ya mgongo. Siku moja nilimweleza dada habari za X-ray yake kuwa safi, naye akajibu bila hata kuinua kichwa: “Wanahesabu gunia, hawapimi uzito.”

Kipimo cha maabara kimetengenezwa kujibu swali moja tu. Cha malaria kinajibu kuhusu malaria. Picha ya kifua inaonyesha kama pafu lina doa. Haionyeshi moyo unavyokwenda mbio mtu akisimama, wala kwa nini kufua leo kunalipwa kwa siku mbili za kitanda. Na katika hali hii ya mwili kubaki na madhara baada ya virusi, hakuna kipimo kimoja cha damu wala picha kinachoithibitisha. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake rasmi: dalili zinazoonekana kwa kawaida miezi mitatu baada ya maambukizi, zinazodumu angalau miezi miwili, na zisizoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Uchovu, kukosa pumzi, akili kuwa na ukungu. Watafiti wanaangalia mabaki ya virusi mwilini, kinga isiyokubali kutulia, mishipa ya fahamu inayoongoza moyo. Lakini hata maelezo yale, ukiyasoma vizuri, yamesimama juu ya kitu kimoja: mgonjwa anavyosimulia.

Na jina lenyewe halikutoka maabara. Mei 2020 Elisa Perego, mwanaakiolojia wa Italia aliyekuwa akiumwa, aliandika “Long Covid” kwenye Twitter, wagonjwa wenzake wakalipokea, na madaktari wakafuata nyuma.

Hilo halikuwa jambo geni, hasa kwetu. Mwaka 1952 na 1953 ulizuka ugonjwa kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Homa ilipita kwa siku chache lakini viungo viliendelea kuuma, watu wakatembea wamepinda. Wenyewe wakauita chikungunya, neno la Kimakonde la kujikunja, kupinda. Daktari Marion Robinson aliandika habari za mlipuko huo mwaka 1955, na leo neno la wagonjwa wa Newala liko kwenye vitabu vya tiba vya dunia nzima. Tunajua sasa kwamba kwa baadhi ya wagonjwa maumivu ya viungo hudumu miezi, hata miaka. Uganda mwaka 1959 ikawa hivyo hivyo: Waacholi wakasema o’nyong’nyong, na sayansi ikaandika o’nyong’nyong. Mara zote mbili aliyeumwa alisema kwanza na mwenye darubini akaja baadaye. Kama wangesubiri darubini ndipo waugue, wangekufa wamesimama.

Hata hapa Ubena kuna kumbukumbu ya namna hii. Oktoba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilipita Songea na Ubena likielekea magharibi, likaacha wagonjwa nyuma, akiwemo Jenerali Wahle. Homa kubwa ya mafua ya mwaka ule ilikuwa njiani. Wapo wanahistoria wanaohusisha njaa iliyofuata katika sehemu za nchi hii na udhaifu wa walionusurika: mvua zilikuja, walikuwa hai, lakini mikono haikuwa na nguvu ya jembe. Nikiwaza hilo najiuliza ni wangapi kati yao waliitwa wavivu, na ni nani aliyewaita. Labda kaka zao.

Rafiki yangu mmoja ni mwuguzi. Nilipomweleza haya alinipinga, na upinzani wake si wa kupuuza. “Tukimwamini kila mtu,” alisema, “hata anayekwepa kazi atapata pa kulala. Na ubaya zaidi, mtu ana kifua kikuu tunamwambia ni uchovu wa korona, anakufa tukimwamini.”

Nimechukua muda kumjibu. Nadhani tunachanganya maswali mawili. La kwanza: huyu anaumwa? La pili: anaumwa nini? Swali la pili ni la daktari, na mgonjwa anaweza kukosea kabisa. Dada yangu kwa miezi miwili aliamini amerogwa na mwenzake wa sokoni. Sikumwamini, na sikupaswa. Lakini swali la kwanza shahidi wake ni mmoja tu, naye ni yeye. Tunachofanya ni hiki: vipimo vinashindwa kujibu swali la pili, nasi kwa haraka zetu tunachukua kushindwa huko na kukifanya jibu la swali la kwanza. Hatukuona nini, kwa hiyo hakuna. Huo ni mruko ambao mwalimu yeyote wa mantiki angeukata kwa kalamu nyekundu.

Tena ukitenganisha maswali hayo, hofu ya rafiki yangu inageuka. Anayemwamini mgonjwa ndiye anayeendelea kutafuta. Atasema: unaumwa, basi tuangalie kifua kikuu, upungufu wa damu, tezi, moyo. Anayesema “wewe ni mzima” ndiye aliyefunga faili. Kifua kikuu kinamuua aliyeambiwa hana kitu mapema zaidi kuliko aliyesadikiwa.

Ama yule mwongo, sawa, yupo. Lakini tupige hesabu ya gharama. Nikimwamini mwongo, nimepoteza siku chache za kazi yake, pengine nimechekwa. Nikimkataa mkweli, namsukuma akamenye viazi vya msiba, halafu najificha nyuma ya neno “sikujua”. Kosa la kwanza nalilipa mimi. La pili analilipa yeye. Ukiona mtu anaogopa sana kosa la kwanza na la pili halimsumbui, jua haogopi uongo. Anaogopa kulipa.

Na kuamini kunalipwa. Hili ndilo sikulitaja nilipokuwa nasoma kurasa za nyuma. Baada ya kumaliza zile saba nililigeuza daftari upande wa mbele. Jiografia ilianza vizuri Januari, mwandiko mzuri, ramani ya Afrika imepakwa rangi. Machi kurasa zinaruka siku. Aprili kuna tarehe na kichwa cha habari, chini hakuna kitu. Mei hakuna chochote. Mtoto alikuwa akipika, akifua, akimshika mama yake njia ya chooni, akimpeleka mdogo wake shule, kisha jioni anachora mistari kwa rula ili siku moja mtu mzima aje aamini.

Yeye alimwamini mama yake kutoka siku ya kwanza, bila cheti. Na kwa kuwa ni yeye peke yake aliyeamini, gharama yote ilimwangukia yeye. Hivi ndivyo kutoamini kwetu kunavyofanya kazi: mzigo haupotei, unahamia kwa mwenye huruma aliye karibu, na mara nyingi huyo ni msichana.

Mkoa huu si mgeni wa kuuguza. Utafiti wa 2011–12 ulikuta maambukizi ya VVU Njombe kwa watu wa miaka 15 hadi 49 ni asilimia 14.8, juu kuliko mkoa wowote, na ule wa 2022–23 bado ukaikuta Njombe juu kabisa, asilimia 12.7. Tulijifunza kwa machozi. Tulijifunza kumtembelea mtu nyumbani, kumkumbusha dawa, kukaa na ugonjwa usiopona na bado maisha yaende. Unyanyapaa upo, sitajidanganya, lakini yapo pia mazoea ya wema: kadi ya kliniki, mhudumu wa jamii anayebisha hodi, kikundi cha Jumamosi. Wema wetu tulioufundishwa unaanza na kadi. Dada hakuwa na kadi. Hakuwa hata na ugonjwa wa mwanzo, maana Februari ile hakupimwa. Tulimwachia mkia tukakana kwamba mnyama alipita.

Kuna methali tunapenda kuwatupia wagonjwa: mficha maradhi, kifo humwumbua. Dada hakuficha. Alisema kila wiki, kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kibena. Waliofichiwa na waliokuwa wanaficha tulikuwa sisi.

Nilipoanza kuandika haya nilikwama kwenye neno kuuguza. Kuponya kunaeleweka: unamfanya mtu apone. Kwa sarufi hiyo hiyo, kuuguza kungekuwa kumfanya mtu augue, na ukilitazama hivyo linatisha. Lakini hakuna Mswahili anayelisikia hivyo. Tunalisikia kama kukaa na mtu katika kuugua kwake. Nadhani lugha iliona kitu: kuna watu wanaohitaji wenzao ili waweze kuugua. Bila mtu wa kusema “lala, vyombo nitaosha mimi, hukuhitaji kunionyesha karatasi”, mgonjwa haugui. Anasimama, anamenya, anaanguka. Kumponya dada sikuweza na siwezi. Kumuuguza niliweza tangu Aprili, na kilihitaji sentensi moja tu ambayo sikuwa nayo.

Nimejaribu kulipa kidogo. Tulikaa kama familia, tukagawana: mmoja ada, mmoja anatuma mtu wa kufua, mimi wikiendi mbili za mwezi napanda kosta. Binti alirudia kidato cha pili. Aliona aibu kukaa na wadogo, akavumilia. Dada alijifunza kujipimia nguvu, asiitumie siku nzuri yote kwa sababu ni nzuri. Kwa miaka hii amepata nafuu, si ya zamani. Juu ya Fuso hapandi tena. Ana meza na kiti sokoni, anauza kwa ndoo, na vijana wanambebea.

Sikumwomba msamaha vizuri. Nilijaribu mara moja nikaanza kueleza habari za takwimu na vipimo, akanikatisha: “Mjomba mtu, kunywa chai.” Kumwita mdogo wako mjomba mtu, kwetu, ni kumkumbusha ana watoto wa dada wa kuwaangalia.

Nilichobadilisha ni swali. Zamani nilikuwa nampigia na kuuliza, “Umeshapona?” na ilimbidi achague kati ya kunidanganya na kunichosha. Siku hizi nauliza siku imeendaje, basi. Jana jioni alisema ameuza ndoo tisa, amepika mwenyewe, amefua kanga mbili. Nikanyamaza.

“Kwa hiyo kesho usinipigie asubuhi,” akasema.

“Sawa, dada.”